Kilimohai Manzese: tunayoambiana gengeni na yaliyo kweli

Ukisema mtaani Manzese au Mabibo, hapa Dar es Salaam, kwamba unatafuta vyakula vya kilimohai, yaani vilivyolimwa bila mbolea ya chumvichumvi wala dawa za viwandani, jibu utakalopewa ni lilelile: "Hivyo ni vya watu wa Masaki." Lina ukweli kidogo. Supamaketi zenye rafu za namna hiyo ziko upande ule wa jiji wanakokaa wenye hela, na mazao mengi yenye cheti, kama kakao ya Kyela, huishia kupanda meli. Lakini kukosekana kwa rafu si kukosekana kwa chakula.

Angalia kilichopo gengeni. Muhogo, matembele, kisamvu, mlenda, majimbi, nazi: hivi mkulima mdogo wa Mkuranga au Kisarawe mara nyingi hulima bila kununua dawa yoyote. Nyanya, kabichi na chainizi ni habari nyingine kabisa. Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie Tanzania mwaka 2014, mkulima wa nyanya amekuwa kwenye vita. Anapiga dawa, mdudu anarudi, anapiga tena, na wakati mwingine anaendelea hadi karibu na kuvuna. Ukichagua nyanya kwenye tenga ukaona vumbi jeupe au la samawati limeganda karibu na kikonyo, mara nyingi hayo ni mabaki ya dawa ya ukungu. Kwa hiyo mwenye hela ya kununua kitu kimoja tu cha kilimohai, mimi ningemwambia aanze na nyanya. Matembele yanaweza kusubiri.

Sasa tuyapime tunayoambiana gengeni, moja baada ya jingine. "Mboga ya kienyeji haina dawa." Hapana. Ukienyeji ni aina ya mbegu, haukuelezi imelimwaje. Mnafu na mchicha wa kienyeji hupigwa dawa kama mboga nyingine yoyote, hasa kwenye bustani za mjini ambako mkulima anavuna kila baada ya wiki chache na hawezi kumudu kupoteza tuta moja.

"Jani lenye matundu ni salama, mdudu kalionja kwanza." Hii naisikia sana, na watu huitamka kwa uhakika kabisa. Tundu linakuonyesha kwamba mdudu alipita, basi. Huenda mkulima aliliona tundu hilohilo ndipo akachukua bomba lake la dawa. Jambo la kujua ni siku ngapi zimepita tangu dawa ipigwe. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna, na huandikwa kwenye lebo. Anayenunua dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji hana hata pa kuzisoma.

"Loweka kwenye maji ya chumvi, kila kitu kinatoka." Kuosha kunasaidia, tena sana, kwa mchanga, vijidudu na sehemu ya dawa iliyobaki juu ya ngozi. Maji safi yanayotiririka, na mikono yako ikisugua, yanatosha kwa kazi hiyo. Ila zipo dawa zinazofyonzwa na mmea na kukaa ndani ya jani au tunda, na hizo hazitolewi kwa chumvi wala siki.

"Imelimwa kwa samadi, basi ni kilimohai." Hapa ndipo sisi wa Dar es Salaam tunapaswa kuwa makini zaidi. Samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, ndiyo maana wakulima wa kilimohai huiozesha kwanza iwe mboji. Halafu kuna maji. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliopima metali nzito, yaani madini yanayoweza kudhuru mwili, yakiwemo madini ya risasi na kadimiamu, katika mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na baadhi zilikutwa na viwango visivyofaa. Mchicha wa namna hiyo unaweza kuwa haujaguswa na tone la dawa na bado usifae. Metali iliyoingia kwenye jani haioshwi na haiishi kwa kuchemshwa. Ndiyo maana swali langu la kwanza gengeni ni: "Mama, mchicha wa leo umetoka bustani ya wapi?" Muuzaji aliyeamka alfajiri kuufuata huwa anajua. Akikuambia bondeni, kando ya mito hiyo, chukua kisamvu siku hiyo.

Tafadhali, hofu isikufanye uache mboga za majani. Nyumba inayokula ugali na chumvi kwa kuogopa dawa imepoteza zaidi.

"Cheti ni cha Wazungu, na ni ghali." Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimohai, kilichozinduliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa njia ya kikundi: wanatembeleana mashambani, wanakaguana kwa fomu, na anayevunja masharti anatolewa. Gharama inakuwa ndogo kuliko kumleta mkaguzi kutoka nje. Mtandao wa kilimohai nchini, TOAM, ndio wa kuuliza vikundi viko wapi. Majirani kadhaa wakichanga na kuagiza tenga zima la nyanya kwa pamoja, kikundi kinakuwa na sababu ya kuleta mzigo hadi Manzese, na bei inashuka kwa kuwa mchuuzi wa kati hayupo.

"Bila shamba huwezi kulima." Chukua marando ya matembele, kila kipande kiwe na vifundo vitatu au vinne, uchomeke vifundo viwili ndani ya udongo wa gunia au ndoo iliyotobolewa chini. Udongo usichotwe mtaroni. Changanya na mboji au samadi iliyokwisha kuoza, mwagilia jioni, na usichume hadi matawi yarefuke. Ukichuma ncha tu, yanachipua tena, na chumba kimoja chenye kibaraza kinatosha magunia mawili.