Hadithi ya haipateksti ni nini, na husomwaje?

Hadithi ya haipateksti ni masimulizi yaliyogawanywa vipande vifupi, kisha vipande hivyo vikaunganishwa kwa viungo vya kubofya. Hakuna ukurasa wa 2 unaofuata wa 1. Unabofya neno, unapelekwa kwingine, na mwenzako akibofya neno jingine atapita njia yake.

Wazo hili ni kongwe kuliko wavuti. Ted Nelson wa Marekani alilichapisha jina hilo mwaka 1965, na hadithi iliyolipatia sifa, *afternoon, a story* ya Michael Joyce (1987), ilisambazwa kwa diski. Ina vipande 539. Msimulizi, Peter, anashuku kwamba ajali aliyoiona barabarani asubuhi huenda imemuua mwanawe na mtalaka wake. Viungo havikuwekwa alama yoyote, kwa hiyo unabahatisha ni neno gani lina njia. Tena njia nyingine hazifunguki mpaka uwe umekwisha kusoma kipande fulani. Husemwa sana kwamba katika haipateksti msomaji ndiye anayejipangia hadithi. Hapa inaonekana wazi kuwa funguo bado anazo mwandishi.

Anayeanza, ningemshauri asianzie hapo. Aanze na *253* ya Geoff Ryman, iliyowekwa kwenye wavuti mwaka 1996. Ni treni ya chini ya ardhi jijini London: mabehewa 7, abiria 252 na dereva wao, na kila mmoja ameelezwa kwa maneno 253. Unaweza kwenda kiti kwa kiti, au kufuata viungo kutoka kwa abiria mmoja hadi mwingine wanayehusiana kwa namna fulani. Ukisoma kwa viti unapata umati wa watu wasiojuana. Ukifuata viungo, unaanza kuona nani anamjua nani, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kwenye kivinjari, rangi husaidia: kwa kawaida kiungo ambacho hujakifungua ni cha buluu, ulichokwisha kukifungua ni cha zambarau, isipokuwa mwandishi amezibadilisha makusudi. Kitufe cha kurudi nyuma kitumie kwa kiasi. Ukirudi kila mara kukagua njia ulizoziacha, utavifikia vipande vingi ila mtiririko utakupotea. Na ukikutana tena na kipande ulichokisoma, usikiruke. Maneno ni yaleyale, lakini sasa unajua jambo ambalo hukulijua mwanzo, na kauli iliyokuwa ya kawaida inaweza kugeuka kuwa uongo wa msimulizi.

Swali linalowasumbua wengi ni lini uhesabu umemaliza. Joyce alilijibu ndani ya hadithi yake yenyewe: usomaji huisha hadithi isipoendelea tena, au inapojizungusha, au msomaji anapochoshwa na njia zake.