Kuhama Timu 14 Si Dalili ya Kushindwa

Wengi hudhani kwamba mrushaji wa besiboli anayehamahama ni mchezaji asiyetakiwa. Edwin Jackson, aliyeanza ligi kuu ya Marekani mwaka 2003 na kuweka rekodi ya kuchezea timu 14 mwaka 2019, aliachwa na klabu kadhaa, ni kweli. Lakini mara nyingi alibadilishwa, yaani klabu nyingine ilikubali kutoa wachezaji wake ili impate, na kwa kawaida mchezaji mwenye mkataba haombwi ridhaa. Mwaka 2011 alibadilishwa mara mbili kwa siku moja, kisha akatwaa ubingwa na timu ya St. Louis. Mwaka mmoja kabla, akiwa na timu ya Arizona, alirusha mipira 149 katika mchezo mmoja, mingi mno kwa mkono wa mrushaji, bila wapinzani, Tampa Bay, kupata hata pigo halali moja, yaani la kumfikisha mpigaji kituoni.