Mafuta yanayozama

Assalaam alaykum. Kuna mwenzangu kapangiwa skuli moja huko kusini ya Pemba, anasomesha fizikia fomu tuu, kaniuliza densiti anaisomeshaje na maabara yenyewe ni kabati moja limefungwa na ufunguo haujulikani uliko. Nilianza kumjibu kwa voisi nikaona hayeshi, bora niandike.

Mi mwenyewe miaka ya mwanzo nlikuwa naanza ubaoni. Masi gawa kwa voliyumu, mifano mitatu, nakilini. Wananakili na mtihani wanajibu vizuri tu. Ukiwauliza mafuta ukiyatia kwenye maji yatafanya nini darasa zima linaitika "yataeleaaa", na sababu wanaitoa kwa Kiingereza kilichonyooka kama wanasoma dua, mafuta ni mepesi kuliko maji basi yanaelea, kwisha. Hakuna hata mmoja anayeniuliza mafuta gani.

Sasa hao ni watoto wa Pemba. Msimu ukiingia hao hao ndio wanaokesha kwenye jamvi na bibi zao wanachambua karafuu, karafuu huku makonyo (vile vijiti vinavyoshikilia karafuu) kule, na makonyo yakishakauka hayatupwi, yanapelekwa kiwandani Wawi nje kidogo ya Chake Chake yakakamuliwe mafuta. Kichupa cha mafuta hayo hakikosi majumbani, jino likiuma ndiyo hayo. Na mafuta ya makonyo yanazama! Densiti yake inacheza kwenye gramu 1.05 kwa mililita hivi wakati maji ni 1 na mafuta ya nazi ni 0.92. Mtoto kaishi nayo tangu kuzaliwa, pua yake inayajua kabla hajajua kusoma, lakini hajawahi kuyaona ndani ya glasi ya maji.

Kwahiyo siku hizi siandiki kitu ubaoni. Naweka glasi mbili za maji mezani, chupa ya nazi na kichupa cha makonyo, nasema haya kila mtu abashiri, aandike kwenye daftari na jina lake, kwa kalamu ya wino asije akafuta. Hapa usifanye haraka kabisa. Mtoto aliyeandika kwa wino kwamba yataelea atasogea mbele kuangalia, aliyeambiwa tu anaangalia dirishani.

Mambo mawili ujue kabla hujaaibika kama mimi. Kwanza tone dogo ukilidondosha kwa juu laweza kubaki juu limejitandaza, ngozi ya maji inalizuia, watoto watapiga makofi wanadhani wameshinda. Chukua bomba la sindano bila sindano yake, ingiza mdomo wake ndani ya maji ndiyo usukume taratibu, utaona vijitone vya rangi ya chai vinashuka mpaka chini vinakaa kama shanga. Pili tumia glasi za kioo. Vile vikombe vyepesi vya plastiki vinavyoonyesha ndani, mafuta haya yanavila, kikombe kinaota ukungu na kulainika. Na wasiyaguse wakajipangusa macho, yanachoma kweli.

Aibu yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka wa kwanza kujaribu nilinunua kichupa duka moja mjini, sikukijaribu nyumbani, nikaenda nacho moja kwa moja darasani na mbwembwe zote. Nasukuma bomba, mafuta yanapanda juu. Nasukuma tena, yanapanda. Darasa kimya, afu kijana mmoja wa nyuma akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, hayo umetiliwa nazi hayo." Basi tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia.

Lakini yule kijana alinipa somo bora kuliko nililoliandaa. Kesho yake niliazima kimizani kidogo cha sonara, kile kinachosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, na bomba la mililita 10. Tukapima bomba tupu, kisha bomba na maji, ukitoa uzito wa bomba unabaki gramu 10.0. Nazi 9.2. Makonyo ya kweli, aliyoyaleta binti mmoja kutoka kwao, 10.5. Na yale yangu ya dukani 9.6! Wakapiga hesabu wenyewe, kama aliyechanganya katumia nazi basi makonyo humo ni kama thuluthi tu. Fomyula ile ile niliyokuwa nikiipigia kelele ubaoni, safari hii walinidai wao niwaandikie, manake walikuwa wanataka kumjua mwizi.

Swali litakalokuja hapo ni kwa nini haya yazame na wenzake waelee. Fomu tuu mi nasema tu chembe zake ni nzito kwa nafasi zinayoikalia, natosheka. Wakubwa wanaosoma kemia nawaeleza kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenoli, kaboni 10, haidrojeni 12, oksijeni 2, na kaboni sita kati ya hizo zimefunga duara zimebanana, wakati nazi ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni inayotaka nafasi. Majani ya mdalasini nayo mafuta yake yamejaa eugenoli hiyo hiyo, yanazama vile vile. Ya mchaichai yanaelea. Kwahiyo mtu anayekamua mafuta kwa mvuke, yanayotoka pamoja na maji, lazima ajue kabla hajafungua koki, ya makonyo yako chini ya maji, ya mchaichai yako juu.

Ukipata gari wapeleke Wawi wakaone, watauliza la mvuke. Eugenoli peke yake inachemka kwenye nyuzi 250 na ushee, vipi inatoka kwa mvuke wa maji usiofika hata 100? Jibu ni kwamba maji na mafuta havichanganyiki, kila kimoja kinasukuma mvuke wake kivyake, na misukumo ikijumlishwa ikalingana na msukumo wa hewa basi vyote vinachemka pamoja, chini kidogo ya 100. Hapa fundi wa kiwanda huwa anaeleza vizuri kunishinda.

La mwisho ni chumvi, hili ndilo wanalolipenda. Maji ya bahari ni kama 1.025, hayatoshi, makonyo yanazama hata baharini. Waambie watengeneze maji yatakayoyaelesha. Chumvi wakoroge kwenye chombo kingine kwanza, ukikoroga na mafuta ndani yanakatikakatika maji yanakuwa meupe kama tui na huoni tena kitu. Vijiko viwili vya chai vilivyojaa kwenye mililita 100 mara nyingi vinatosha kuyanyanyua.

Mwaka jana grupu moja walipunguza punguza chumvi mpaka tone likasimama katikati ya glasi, halipandi halishuki. Kengele ikalia hawataki kutoka. Nikawaahidi glasi ntaifunika niiweke ofisini bila kuigusa. Asubuhi tone limelala chini. Wakagawana, kuna waliosema chumvi imeshuka usiku, nikawaambia chumvi ikishayeyuka haishuki hivyo, na kuna waliosema ni baridi. Mi niko na wa baridi, mafuta yanasinyaa kuliko maji kukipoa, na ilikuwa Julai, hata nazi chupani inaganda. Tukaitoa glasi juani tukae tuone, saa tano na nusu tone likaanza kupanda.