Je, ni lazima kuanza na kasoro?

Wapo wasemao kwamba mtu hasongi mbele mpaka amalize kasoro zake, na kwamba mshauri wa maisha anayeanza na uwezo wa mtu anamvika tu kilemba cha ukoka. Dhana hiyo si sahihi.

Mwaka 2004 wanasaikolojia wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walichapisha orodha ya sifa 24 za tabia, ukiwemo udadisi na ustahimilivu. Mwaka uliofuata, utafiti wao na wenzao ulionyesha kwamba washiriki waliotumia sifa zao kuu kwa namna mpya kila siku kwa wiki moja walizidi kuwa na furaha hata miezi sita baadaye.

Kasoro hazifumbiwi macho. Mchukulie fundi cherehani akumbukaye vipimo vya wateja wote kwa kichwa, lakini madeni yanampotea: mshauri humwuliza kwanza kumbukumbu hiyo huishikaje, naye akijibu kwamba humkumbuka mteja kwa kitambaa chake, wanakubaliana deni liandikwe kwenye kikaratasi kinachobanwa kwa pini juu ya kitambaa hicho hicho.