Programu ya mwaka 1997 ndani ya Windows 11

"Fundi, hii laptopu mpya imekataa CD yangu." Mzee anauza vipuri vya magari, na hesabu zote za stoo yake ziko kwenye programu aliyoinunua mwaka 1997. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na Windows 10 ya biti 32 (biti hapa ni kipimo cha ukubwa wa data ambayo programu hushughulikia kwa mkupuo mmoja), na programu ilikuwa ikifunguka vizuri tu. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, akanunua mashine mpya. Huko alikonunua wakamwambia programu yake imekufa.

Mimi huwa siziki kabla sijajua aliyekufa ni nani.

Windows za biti 32 zilikuja na NTVDM, kipande kinachozibeba programu za biti 16, za DOS (mfumo wa amri za maandishi uliotangulia Windows) na za Windows 3.1. Matoleo ya biti 64 hayana kipande hicho, na Windows 11 haina toleo la biti 32 hata ukilitafuta kwa tochi. Lakini programu za biti 32 bado zinakubalika. Mafaili ya mfumo yanayozihudumia yamo kwenye folda ya SysWOW64, na yale ya biti 64 yamo kwenye System32. Ndiyo, majina yamepishana hivyo hivyo; usihangaike kuyanyoosha.

Basi swali ni moja: faili hii ni ya biti ngapi? Ifungue kwa Notepad, usihifadhi chochote. Mwanzoni utakuta herufi MZ, ambazo ni za jina la Mark Zbikowski, mmoja wa waliotengeneza DOS. Shuka kidogo katikati ya takataka zile. Ukikuta PE, hiyo ni ya biti 32 au 64. Ukikuta NE, ni ya Windows ya biti 16. Ukikosa zote, yaelekea ni ya DOS.

Kwenye CD ya mzee, kisakinishi kilikuwa NE, lakini programu yenyewe PE! Miaka ile jambo hili lilikuwa la kawaida: mlango wa biti 16, nyumba ya biti 32. Nikauacha mlango. Nilinakili folda nzima kutoka kompyuta ya zamani, nikachukua na mafaili ya DLL (vipande vya msimbo ambavyo programu huviazima) iliyoyategemea, pamoja na tawi lake la rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, nikaiweka C:\Stoo. Sikuiweka Program Files, kwa sababu programu za zamani huandika data ndani ya folda yao wenyewe, na Windows ikiizuia huipeleka data hiyo kimyakimya VirtualStore, folda ya akaunti ya mtumiaji huyo peke yake. Siku mtu akiingia kwa akaunti nyingine, data "imepotea".

Ingekuwa yote ni NE, ningejaribu winevdm, inayofungua programu za Windows za biti 16 kwenye Windows za biti 64. Ya DOS ningeipeleka DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS, maana DOSBox ya kawaida ililenga michezo na kuchapisha risiti humo ni kazi. Windows XP ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) ni njia ya mwisho, tena bila intaneti. Marekebisho yake ya usalama yalikoma mwaka 2014. Ile hali ya upatanifu (compatibility mode) unayoipata kwa kubofya kulia hasa huidanganya programu kuhusu toleo la Windows. Haigeuzi biti 16 kuwa 32.

Diski ya zamani nimeitolea nakala nzima, na mzee nimemwambia asiiuze ile kompyuta mpaka afunge hesabu za Desemba.