Ndugu akikukopea ulipe kadi za mkopo: yanayosemwa na yalivyo

Unadaiwa kwenye kadi mbili tatu za mkopo, riba inakukaba, na rekodi yako imeshachafuka kiasi kwamba ukienda benki kuomba mkopo wa kawaida unapewa riba ileile ya kwenye kadi au unakataliwa kabisa. Alafu una dada au mjomba mwenye ajira ya kueleweka na jina safi, ye akikopa anapewa kwa nusu ya riba yako. Basi akukopee, ulipe kadi zote siku moja, ubaki unamrejeshea kidogokidogo mpaka iishe. Mi sipingi, nimeshafanya hivyo na dada yangu na tukamaliza tukiwa bado tunasalimiana. Ila karibu kila nilichokuwa naamini mwanzoni kilikuwa nusu kweli, na hiyo nusu nyingine ndo inayoumiza.

"Deni ni langu, ye kaweka saini tu"

Naanza na hii kwasababu zingine zote zinazaliwa humu. Mbele ya benki mkopaji ni aliyesaini, basi, hamna "tu" hapo. Hela imeingia kwenye akaunti yake, rejesho linakatwa kwake, likichelewa anapigiwa simu ye. We benki haikujui. Ukiacha kulipa kesho haikudai we hata senti, inamdai ye, na ye akitaka kukudai we inabidi awe na ushahidi wake mwenyewe kwamba ile hela alikukopesha na hakukupa zawadi, manake we ukikana, kuhamisha hela toka akaunti ya ndugu kwenda ya ndugu peke yake hakusemi ilikuwa ya nini.

Watu wanachanganya hii na udhamini. Kwenye udhamini mkopaji unakuwa we, jina lako liko kwenye mkataba, na mdhamini anafuatwa ukishindwa (mikataba mingine inaruhusu afuatwe mapema kuliko mnavyodhani, isomeni). Kwenye hii dili yetu hamna mdhamini wala nini, kuna mkopaji mmoja na mtu wa pembeni aliyetumia hela. Ule msemo wa kukopa harusi kulipa matanga hapa unapinda kidogo, harusi ilikuwa yako we, matanga anaweza kukaa mwingine.

Na kwa kuwa nimetaja matanga, tuseme na hili ambalo hakuna anayependa kulisema. Ukifa we, mkopo wake uko palepale, anaendelea kukatwa mpaka mwisho na anabaki kudai kwenye mirathi yako kama ana karatasi. Akifa ye, kama mkopo una bima ya kifo basi bima inaweza kulipa, kama hauna deni linaingia kwenye mirathi yake, yaani watoto wake wanagawana kilichobaki baada ya kadi zako kulipwa. Ulizeni kuhusu bima kabla ya kusaini, na muulize inalipa wakati gani na wakati gani hailipi.

"Riba yake ni nusu ya yangu, kwa hiyo nitalipa nusu"

Riba sio asilimia tu, riba ni asilimia na muda. Chukua deni la 100,000, pesa ya nchi yoyote unayotaka. Kadi inatoza asilimia 24 kwa mwaka, yaani kama asilimia 2 kwa mwezi. Ukilipa kile kima cha chini tu wanachokudai kila mwezi, tuseme asilimia 3 ya salio, mwezi wa kwanza unatoa 3,000 na 2,000 kati ya hizo ni riba tupu, na kwa mwendo huo inakuchukua zaidi ya miaka 5 kufikisha deni nusu. Nusu, sio kumaliza. Kwa hiyo ndio, kadi ni mbaya.

Sasa dada anapata mkopo wa asilimia 12 kwa miaka 3. Rejesho ni kama 3,320 kwa mwezi, na mpaka unamaliza riba yote imefika karibu 19,600. Ungekaza na ileile kadi ya asilimia 24, bila kuongeza matumizi, ukalipa kiasi kilekile kila mwezi mpaka iishe kwa miaka 3, ungetoa kama 3,920 kwa mwezi na riba yote kama 41,200. Hapo mkopo umekuokolea zaidi ya 21,000, hongera.

Ila mkishafika benki ofisa anawaambia mnaweza kwenda mpaka miaka 7, rejesho linashuka mpaka kama 1,765, mnatazamana mnacheka. Hebu zidisha mara miezi 84. Riba inafika kama 48,300. Nusu ya riba ya kadi, na bado umelipa zaidi ya yule aliyebaki kwenye kadi akajibana miaka 3. Rejesho dogo linafaa kama kweli huwezi kubwa, lakini usiliite akiba.

Alafu kuna mtego wa namna riba inavyopigwa. Asilimia 12 inayopigwa kwenye salio linalopungua sio sawa na asilimia 12 inayopigwa kwenye kiasi chote ulichokopa toka mwanzo mpaka mwisho hata kama ushalipa robo tatu. Hiyo ya pili kwa miaka 3 ni 36,000 ya riba, rejesho kama 3,778, na ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua inazidi kidogo asilimia 21. Yaani mmehangaika kote huko kukimbia 24 mkaangukia 21. Swali la kumuuliza ofisa ni moja, jumla nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho ni shilingi ngapi, ada na bima zikiwa ndani, alafu linganisha jumla kwa jumla.

Ada nazo. Benki nyingi zinakata ada ya mkopo juu kwa juu kabla hela haijaingia, ikiwa ni asilimia 3 mnaomba 100,000 inaingia 97,000, na kadi bado inadai 3,000 ambazo hamkuzipangia.

"Kadi zikisoma sifuri nimepona"

Hapa nina kovu langu. Tulilipa kadi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye stetimenti, nikaziweka kabatini nikasahau. Baada ya wiki kadhaa ikaja bili ndogo ya moja ya kadi, nikajua ni makosa yao nikaipuuza, mpaka nikaambiwa nimechelewa na nimetozwa faini. Haikuwa makosa, riba ya kadi kwa kawaida inahesabiwa kila siku, kwa hiyo kati ya siku stetimenti ilipotoka na siku hela yangu ilipofika riba ilikuwa bado inatembea. Piga simu uulize kiasi cha kufuta deni kwa tarehe utakayolipa, alafu subiri stetimenti moja mbili zinazofuata ndo uamini.

Lakini hatari yenyewe iko kwingine. Kadi ikifika sifuri limiti yake (kiwango cha juu unachoruhusiwa kukopa) imefunguka yote, yaani jana ulikuwa huna pa kukopa leo unapo. Kama kilichokupeleka kwenye deni ni mshahara usiotosha mwezi, mkopo wa dada haujagusa hilo, na baada ya mwaka unaweza ukawa na rejesho la dada na kadi zimejaa tena. Wengine wanasema funga zote siku hiyohiyo, wengine wanasema usifunge kwasababu ukifunga limiti zako kwa jumla zinapungua na pale ambapo kuna alama za mikopo (namba inayoonyesha unavyoaminika kukopeshwa) alama inaweza kushuka kidogo. Wote wana hoja. Mi naona kama unajijua mkono wako haukai, alama kushuka kidogo ni bei ndogo, funga. Nilibakiza moja nikashusha limiti yake.

"Rekodi zetu wote zitapanda"

Yako inaweza kupanda mwanzoni, kwasababu kadi zilizokuwa zimejaa sasa ziko tupu. Ila yale marejesho ya kila mwezi utakayolipa kwa jasho miaka 3 hayaandikwi kwako, yanaandikwa kwake, we kwenye mfumo ni kama hujalipa chochote. Kwa upande wake akilipwa kwa wakati ni vizuri, lakini mkopo wote unahesabika ni mzigo wake, akitaka kukopa nyumba au gari mwaka kesho benki itatoa rejesho lako kwenye uwezo wake na inaweza kumpunguzia au kumkatalia. Hili watu wengi hawamwambii ndugu yao kwasababu hawalijui, nami sikulijua. Na ukichelewa, doa ni lake na linakaa miaka.

"Aweke nyumba dhamana, riba itashuka zaidi"

Itashuka, kweli. Ila deni la kadi kwa kawaida halina dhamana, ukishindwa utasumbuliwa, utashtakiwa, rekodi itaharibika, lakini hakuna nyumba iliyoandikwa kwenye ule mkataba. Ukililipa kwa mkopo wa dhamana ya nyumba ya mjomba umeligeuza deni la manunuzi yako kuwa deni la paa lake. Mi hapana.

"Kwenye fomu aandike ni ukarabati"

Asiandike. Fomu ikiuliza matumizi ya mkopo, kudanganya kunaweza kuwa uvunjaji wa mkataba na sehemu nyingine ni kosa la udanganyifu, na aliyesaini ni ye. Aulize wazi kama benki inaruhusu mkopo wa kulipia madeni ya mtu mwingine. Zingine zinaruhusu, zingine hazitaki.

Na kabla hujafika kwa ndugu, umeshapiga simu kwa wenye kadi? Wakati mwingine mtu aliyekwama kweli anapunguziwa riba kwa muda au anapangiwa rejesho maalumu, hasa akiwahi kabla hajaanza kuchelewa. Sio kila mara, lakini ni simu tu.

"Ndugu hawaandikiani"

Wanaandikiana, tena ndugu ndo waandikiane. Kiasi, riba, tarehe, nani anabeba ada, nini kinatokea nikikosa kazi, nini kinatokea mmoja akifa. Mi na dada tulipanga hela yangu imfikie siku 5 kabla ya tarehe ya makato, ili kama kuna tatizo alijue hela ya benki ikiwa haijakatwa, na tuliacha rejesho moja zima limekaa kwenye akaunti yake kama akiba ya dharura, tukaitumia mara moja mwaka wa pili. Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja, saini mbili na shahidi. Nakala ya tatu tulimpa shemeji, manake mshahara uliokuwa unakatwa ulikuwa ni wa nyumba yake na yeye.