Je, wajua kwa nini gemu hufundisha bila mwalimu?

Mpe kijana gemu asiyoijua, hatauliza maelekezo. Muda si mrefu utamkuta kazama. Mpe kozi ya mtandaoni yenye video ya saa nzima, atapiga miayo. Kijana ni yule yule, basi tofauti iko wapi?

Tazama mwanzo wa Super Mario Bros., gemu ya Nintendo ya Japani iliyotoka mwaka 1985. Mario, mhusika unayemwendesha, amesimama kushoto, mbele yake kweupe, kwa hiyo unaelekea kulia. Mara kinakujia kiumbe cha kahawia, uso umekunjamana. Usiporuka, unakufa. Lakini unarudishwa hatua chache tu nyuma, na sasa unajua la kufanya. Ukigonga kisanduku chenye alama ya kuuliza, unatoka uyoga, unajigonga kwenye bomba na kukurudia. Unakugusa, nawe unakuwa mkubwa. Hujasomewa sharti lolote, na tayari umejua adui ni nani na rafiki ni nani.

Kinachofanya kazi hapo ni kosa lisilo na gharama, jibu la papo hapo, na ugumu unaopanda taratibu. Duolingo, programu ya lugha iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012 na inayofundisha hata Kiswahili, inafuata njia hiyo: masomo ni ya dakika chache, na sentensi uliyoikosea inakurudia hadi uipatie.

Bahati mbaya, waandaaji wengi wa kozi huiga pointi na beji tu. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora wakawaahidi baadhi yao cheti. Baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Zawadi ilikuwa imeila hamu yao. Ndiyo maana beji juu ya somo linalochosha hainishawishi hata kidogo.

Mwalimu anayefundisha mtandaoni hesabu za sehemu, kama nusu na robo, aanze na swali kabla ya maelezo: gawa mikate mitatu kwa watoto wanne, sawa kwa sawa. Mwanafunzi akate mikate kwenye skrini, aone mtoto mmoja kapunjwa, arudie mara atakazo bila kupunguziwa alama. Maelezo ya robo tatu yafuate baadaye, wakati mwenyewe anayataka.